Altezza, mtoto wa tatu na viti saba: uchambuzi wa kisa kimoja cha Dar

Jamaa yangu alikuja gereji na Toyota Altezza yake Jumamosi moja asubuhi, akaegesha chini ya mwarobaini, akanisalimia bila kuzima injini. Mkewe alikuwa na ujauzito wa miezi mitano, wa tatu. "Kaka," akasema, "nitafutie gari la familia. Ila lisinizeeshe."

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyoleta kazi. Angetaka gari la familia tu, ningemwambia achukue Noah, tungekunywa chai na kuachana. Lakini mtu aliyeendesha Altezza miaka sita, ile yenye injini ya 1G ya silinda sita inayosukuma kwa magurudumu ya nyuma, huwezi kumkabidhi basi dogo ukategemea atakushukuru. Bajeti yake, baada ya kuiuza Altezza na kuongeza akiba, ilikuwa milioni 17. Nikamwambia kwanza aondoe milioni 3 aziweke pembeni, asizitaje mbele ya dalali yeyote. Gari la umri huo hukudai mara ya pili baada ya kulinunua, na anayetumia shilingi yote siku ya kuchukua kadi ya gari hubaki analitazama limeegeshwa.

Orodha yake alishaiandika kwenye simu: Subaru Forester SG5 yenye tabo, ile pampu inayoijazia injini hewa, Mark II Blit, Caldina GT-Four, Stagea. Orodha nzuri, sikatai. Blit yenye injini ya 1JZ ya tabo ni nguvu ya farasi 280 ndani ya gari refu lenye buti kubwa, Caldina ile ilipewa injini ya 3S-GTE ya 260, na Forester kila fundi hapa mjini anaijua hata akifumba macho. Nikamuuliza swali moja: nyumbani mko wangapi?

Akahesabu kwa vidole. Yeye, mkewe, binti wa miaka 8, kijana wa miaka 5, huyo anayekuja, na dada anayewasaidia kazi. Sita. Halafu nikamkumbusha kwamba mama mkwe atashuka kutoka Moshi mtoto akizaliwa, na hatashuka kwa wiki moja. Saba. Magari yote manne aliyoyaandika yana viti vitano.

"Mdogo si anapakatwa," akasema.

Hapa ndipo huwa napoteza wateja, kwa sababu siachi neno hilo lipite. Chukua mtoto wa kilo 10 kwenye gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kasi ya kijijini, likagonga na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mikono ya mama italazimika kuzuia nguvu inayokaribia uzito wa kilo 140. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, hata awe na mapenzi kiasi gani. Na ukimpakata huku wewe umefunga mkanda na yeye hana, anaruka. Mkijizungushia mkanda mmoja nyote wawili, wewe ndiye unayemkandamiza. Mtoto mchanga anataka kiti chake kinachotazama nyuma, na hicho hakiwekwi mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko ukifunguka unakipiga kiti mgongoni.

Alikuwa kimya kidogo, halafu akasema baba yake aliwabeba watu wanane kwenye Pijo na wote wako hai. Kweli. Pijo 504 ya safu tatu, ile ndefu ya nyuma, ni gari lililolea nusu ya watu wa rika letu, na bado naona lilikuwa na jibu ambalo wabunifu wa leo wanalizunguka tu: mpangilio wa viti wa familia nzima juu ya gari ambalo ndugu zake walishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Raha na ukoo ndani ya bodi moja. Lakini nilimkumbusha pia barabara ya enzi za baba yake ilikuwa na malori mangapi na kasi ipi. Tukaziacha zile nne.

Kuagiza Japani alikuwa ameshakufikiria. Kwa majirani zetu wa Kenya mjadala ungeishia hapo, maana gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia. Kwetu linaingia, ila lililotimiza miaka 10 linabeba ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya kodi nyingine, na kwa gari la 2008 au 2009 unajikuta unalipa serikali zaidi ya ulichomlipa Mjapani. Kwa bajeti yake ilikuwa busara kutafuta lililokwishasajiliwa hapa, namba za usajili za herufi C au D, ambalo mtu mwingine ameshalipia hiyo kodi.

Kwa hiyo swali likabadilika. Halikuwa tena gari gani linakimbia. Likawa: kati ya magari ya zamani yenye safu tatu, ni lipi lilibuniwa na mtu aliyekuwa anapenda kuendesha? Ukiuliza hivyo orodha inakuwa fupi sana.

Prado ya 90 ilikuwa ya kwanza kutajwa, kwa kuwa kila mtu Dar anataka Prado na kijijini Rombo matope ya masika hayana mzaha. Sikuipinga kwa sababu ya heshima yake. Niliipinga kwa sababu ya injini: nyingi za bei yake zina 1KZ-TE, dizeli ya lita 3 ambayo ikichemka mara moja tu silinda hedi hupasuka, na hujui mwenye gari wa kabla yako alichemsha mara ngapi. Zenye V6 ya lita 3.4 ni imara, ila zinakunywa. Na kwenye kona za lami ya Korogwe ni meza inayotembea.

Mercedes ya W124 ya gari refu niliitaja mimi, kwa udhaifu wangu binafsi. Ina kiti cha tatu kinachotazama nyuma ndani ya buti, watoto wanapungia mikono magari yanayofuata, na sijaona gari la zamani lililotulia barabarani kama lile. Lakini kiti kile ni cha watoto tu, bibi haingii, na za mwisho mwisho zilifungwa nyaya za umeme ambazo ganda lake linamomonyoka lenyewe kwa joto la injini. Nikajitoa mwenyewe.

Zikabaki mbili. Honda Odyssey ya 2003 hadi 2008, aina ya Absolute, yenye injini ya K24A ya farasi 200, inayotumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Gari la familia lenye urefu wa kwenda juu wa milimita 1,550 tu, karibu sawa na kimo cha magari mengi madogo ya sokoni. Linakata kona vizuri ajabu. Na Subaru Exiga, iliyotoka mwaka 2008, viti saba, urefu wa milimita 4,740, ambayo kwa jina la GT ilipewa injini ya EJ20 ya tabo, farasi 225, gia tano za kujibadilisha na magurudumu manne yanayosukuma. Wengi huipita yadi wakidhani ni Legacy iliyonenepa. Hawajakosea sana, na kwangu hiyo ni sifa.

Mimi nilikuwa upande wa Odyssey. Niseme wazi, kwa sababu mwisho wa kisa haukunifuata.

Hatukuanza kwa kuendesha. Jumamosi iliyofuata nilimwambia aje na mkewe, watoto, na kiti cha mtoto mchanga walichoachiwa na wifi yake. Nilichukua tepu ya kupimia. Madalali walituona kama watu wa harusi. Tulikifunga kile kiti kwenye safu ya kati ya Odyssey, binti akaambiwa apite kwenda nyuma, hakupita, kwa sababu upande tuliokiweka ndio unaokunjwa kumpisha mtu wa safu ya tatu. Jambo dogo, lakini ukiligundua nyumbani utalivumilia kila asubuhi kwa miaka mitatu. Tukakihamishia upande wa kulia, nyuma ya dereva, ili njia ya kwenda nyuma iwe kushoto, upande wa ukingo wa barabara, ambako watoto hushukia. Hasara yake ni kwamba mama atamfunga mchanga akiwa amesimama upande wa magari yanayopita. Shemeji akasema bora asimame yeye kuliko wale wawili. Basi.

Kwenye Exiga safu zinapanda kama viti vya ukumbi, kila ya nyuma juu kidogo kuliko ya mbele. Kijana aliyekaa safu ya tatu alikuwa anaona kioo cha mbele. Kwenye Odyssey alikuwa anaona kisogo cha dada. Shemeji alilitambua hilo kabla yangu, kwa kuwa kijana hutapika safarini, na mtoto anayeona barabara hutapika kidogo. Nilipoipitisha Odyssey kwenye matuta mawili ya mtaani tukiwa watu wazima watano, tumbo lilisaga chini yote mawili. Nikafunga mdomo.

Exiga GT ya kwanza ilikuwa nyeusi, yadi moja ya barabara kuu, imeng'aa mpaka unajitazama. Nilifika nikakuta boneti ya moto. Kaa mbali na hilo: muuzaji aliyewasha injini kabla hujafika amekuficha mlio wa asubuhi na moshi wake. Nilitaka tusubiri ipoe, tukasubiri saa mbili, tukala chips mayai. Ilipowashwa ikatoa moshi wa samawati, si mwingi, kisha ukaisha. Matairi manne, chapa tatu, na moja limekwisha kuliko wenzake. Kwa gari la kawaida ungesema nitabadilisha. Kwa gari linalosukuma kwa magurudumu manne, tairi lililokwisha lina mzunguko mdogo, kwa hiyo mifumo ya gia inayogawa nguvu mbele na nyuma inasuguana kila mita unayotembea. Niliizungusha polepole kwenye uwanja mkavu, usukani umekatwa mpaka mwisho. Ikawa inajivuta na kushtuka, kama punda anayekataa. Hiyo ni gia boksi inayoomba hela.

Lakini kilichoifuta kabisa kilikuwa taa. Ukifungua switchi bila kuwasha injini, taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi inapaswa kuwaka sekunde chache, kisha izime. Hii haikuwaka kabisa. Maana yake balbu imeondolewa au imeunganishwa na taa nyingine, ili mnunuzi asiione inawaka daima. Kwa gari la watoto watatu, huo ni mlango wa kutokea.

Na hapa nikae kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo wanunuzi wetu hawaliulizi. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000 yalifungwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Kifaa cha kuujaza mfuko kilitumia amonia naitreti, na kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu huharibika; ajali ikitokea, badala ya kuujaza mfuko, kifaa hupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Watu wamekufa katika nchi kadhaa, magari mamilioni yakaitwa yarudi kubadilishiwa, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Joto na unyevunyevu wa miaka mingi: hapo umeitaja Dar, Tanga na Mombasa. Gari lililotoka Japani likiwa limetumika halikuitwa na mtu huku kwetu, hakuna barua iliyokufikia. Unachoweza kufanya ni kuchukua namba ya chasisi na kuiingiza kwenye ukurasa wa mtengenezaji, ule wa Japani, kwa kuwa kurasa za Marekani zinadai tarakimu 17 na magari ya soko la Japani hayana namba za namna hiyo. Ukurasa ni wa Kijapani, simu itakutafsiria. Dakika kumi. Nafanya hivyo kwa kila gari, na mara mbili nimemwambia mteja asilichukue mpaka kifaa kibadilishwe.

Ya pili tuliipata baada ya wiki tano, kwa mwenye nayo mwenyewe, si yadi. Ya fedha, ya 2009, namba D. Bampa ya mbele imechubuka, mlango wa nyuma una bonde la ukubwa wa sahani, rangi ya paa imechoka kwa jua. Jamaa yangu akakunja uso. Mimi nilianza kufurahi, maana mtu asiyepaka rangi ya kuuzia mara nyingi hana la kupaka. Alinionyesha daftari la shule, kweli daftari la shule la kurasa 40, lenye tarehe za kubadili oili kila kilomita 5,000. Matairi manne ya chapa moja; ubavuni yameandikwa 3222, yaani wiki ya 32 ya mwaka 2022. Injini ya baridi. Moshi hakuna. Taa ya mifuko ikawaka, ikazima. Namba ya chasisi ikapita.

Kasoro zilikuwepo. Taimingi belti haikuwa kwenye daftari, na injini hizi huhitaji ibadilishwe kwenye kilomita 100,000. Hili lilikuwa na 131,000. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni na injini imekwenda. Kwa hiyo tukaihesabu kama haijawahi kubadilishwa, pamoja na pampu ya maji iliyo nyuma yake, kwani ni upumbavu kufungua kote huko ukaiacha ya zamani. Nikataka pia ifunguliwe boliti ya bomba la oili la tabo, ambayo ndani ina kichujio kidogo cha wavu. Kikiziba, tabo inakosa oili na kufa bila kuaga. Watu hununua tabo mpya, wanaifunga kwenye boliti ileile iliyoziba, nayo inakufa. Chetu kilikuwa kisafi. Bushi za mbele zimekwisha na shokapu moja ya nyuma inavuja. Yote haya yakaingia kwenye ile milioni 3 ya pembeni, na kwenye maongezi ya bei: mwenye gari alitaka 14.5, tukamalizana kwa 13.8.

Bado nilikuwa na shaka na tabo. Nilimwambia jamaa pembeni kwamba ipo Exiga ya lita 2 isiyo na tabo, injini ya kawaida, shida chache, mafuta kidogo, na kwamba asubuhi saa moja pale Tazara farasi 225 wanasimama sawa na farasi 80. Akaanza kukubali. Nadhani alikuwa amechoka, wiki tano ni nyingi, na alishajiandaa moyoni kuwa baba mwenye gari la baba.

Shemeji ndiye aliyeomba ufunguo. Sote tulikuwa tumemsahau katika hesabu ya raha; tuliweka watoto, bibi, kiti cha mchanga, na raha ya mume. Kumbe yeye ndiye anayepeleka watoto shule kila siku, mume hupanda mwendokasi. Akarekebisha kiti kwa ajili ya tumbo, akauliza mkanda wa chini upite wapi, nikamwonyesha: chini ya tumbo, juu ya nyonga. Tukatoka hadi barabara iliyonyooka. Akalikanyaga. Lile gari halina haraka ya kuanza, tabo inachukua pumzi kidogo, kisha linakuinua kiti chote. Akaachia, akakata kona, likakaa sawa bila kulala. Hakusema kitu mpaka aliporudi kuegesha. Kisha akamuuliza mumewe: "Na hii siku zote ulikuwa nayo wewe peke yako?"

Mtoto alizaliwa salama, ni wa kike. Miezi minane baadaye nimeliona gari mara nne. Mafuta kama nilivyohofia: kilomita 6 na ushee kwa lita kwenye foleni, karibu 10 safarini. Koili moja ilikufa Oktoba. Desemba walipanda Moshi kwa njia ya Bagamoyo na Msata, watu saba, na hapo ikajitokeza kasoro ambayo niliijua lakini sikuipa uzito: safu ya tatu ikiwa imeinuliwa, buti linabaki la kuweka mkungu mmoja wa ndizi. Mabegi yakapanda kwenye keria, mzigo ukawa juu sana, na gari lililotulia Dar likaanza kuyumba kwenye upepo wa Same. Kwenye matuta ya vijijini ekzosi iligusa mara mbili. Nilipaswa kuwaambia waongeze upepo wa matairi kama kibandiko cha nguzo ya mlango kinavyosema kwa gari lililojaa, na begi zito litangulizwe kwa basi. Hilo ni kosa langu, nimelikubali.

Kijana hakutapika, ila mara moja, Mombo, na bibi anasema ni maembe.

Wiki iliyopita jamaa alikuja tena na kukaa chini ya mwarobaini, kwa miguu. Alitaka kujua bei ya Altezza siku hizi. Nilimuuliza Exiga iko wapi, akasema shemeji amekwenda nayo Kigamboni, kununua samaki, amepitia njia ndefu.